Mashine ya Nyama Niliyomtafutia Mama

Nyumbani kwetu mkubwa ndiye anayeanza kula. Haitoshi aonje tu. Ni lazima aweke kipande cha kwanza mdomoni, atafune, ameze, ndipo wengine wanyooshe mkono. Baba alitufundisha hivyo tukiwa wadogo kule kijijini Nyangezi, na alipofariki heshima hiyo ikamwendea mama. Nilikaa Ubelgiji miaka mingi, nikala pamoja na watu ambao kila mmoja anaanza anapotaka, lakini desturi hii haikunitoka. Hata peke yangu chumbani, mbele ya sahani yangu, nilikuwa nasubiri kidogo.

Nilirudi Bukavu na diploma ya teknolojia ya vyakula. Niliilipia mwenyewe kwa kuosha sahani za mkahawa na baadaye kwa kufanya kazi katika kiwanda cha nyama, ambako Wabelgiji wenyewe walikuwa wananiita niwarekebishie mashine. Nikafungua karakana yangu ya maziwa ya mgando, nikajenga nyumba mtaa wa Nguba bila kumwomba mtu hata msumari. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wapo waliosema nitarudi na begi la nguo. Chumba cha mama nilikiweka upande wa ziwa, chenye dirisha kubwa kuliko la kwangu. Ndiyo iliyokuwa sababu ya kurudi. Nilitaka azeeke kwangu.

Kisha mama akaanza kukosekana mezani. Mara amekula tayari, mara kichwa kinamuuma. Nilielewa Jumapili moja tulipopika nyama ya ng'ombe iliyotoka Walungu, nyama nzuri lakini ngumu, ya mnyama aliyepanda milima. Mama aliweka kipande mdomoni. Akatafuna. Watoto wangu walikuwa wameweka mikono mapajani kama walivyofundishwa, macho yote kwenye taya lake. Akahamishia nyama upande wa pili, akatafuna tena, bukari, ugali wetu, ikapoa, mchuzi ukaanza kuganda pembeni mwa sahani. Mwishoni alijifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja ndani ya kiganja, akasema, "Mukule." Sote tulijua kilichokuwa ndani ya kitambaa.

Tangu siku hiyo alikula chumbani: ndizi, maharagwe, chai. Kwaresima ilipofika ilimpa kisingizio kizuri, maana hakuna anayemuuliza mama Mkatoliki kwa nini hali nyama wakati wa Kwaresima. Lakini Pasaka ilikuwa inakuja, na Pasaka ukoo wote unakula kwangu.

Asubuhi moja alinikuta nikifunga viatu.

"Papa," aliniambia, maana nimebeba jina la baba yake na ndivyo anavyoniita, "mbele ya Pasaka nitarudia kwangu Nyangezi."

"Kufanya nini, mama? Hapa unakosa nini?"

"Sikosi kitu. Iko nyumba yangu kule. Nyumba bila muntu inaoza."

"Twende kwa daktari wa meno. Atakutengenezea mengine."

"Meno ya kununua? Nikilala inikule ulimi? Hapana."

Akaondoka kwa hatua za mtu aliyemaliza mazungumzo. Nilibaki na kiatu kimoja mguuni. Kama angeondoka kabla ya Pasaka, hangerudi, nilimjua. Angekaa peke yake kule juu, akila ndizi, na mimi ningebaki na chumba chenye dirisha kubwa.

Dawa niliijua, na nadhani katika mji huu hakuna anayeijua kuliko mimi: nyama isagwe, ilainishwe kwa mafuta yake, iwekwe ndani ya utumbo mwembamba wa mbuzi, ichemshwe polepole. Sosisi. Anayekula hahitaji jino hata moja. Tena ina umbo, inashikika, si uji wa mgonjwa. Mama asingekubali kupewa uji mbele ya wakwe.

Nilikuwa na mashine ya umeme niliyoitoa Ubelgiji, ya inoksi tupu, chuma kisichoshika kutu, inayong'aa. Niliiweka mezani, nikabonyeza. Umeme wetu siku hizo ulikuwa unakuja dhaifu, taa zinawaka rangi ya chai. Mashine ilinguruma kama mtu anayesukuma gari, skrubu ikazunguka polepole, nyama ikatoka ya moto, imepondeka, mafuta yameanza kuyeyuka. Nyama ya sosisi inataka baridi. Ikipata joto mafuta yanajitenga, na ukiipika inakuwa kama mchanga. Nikazima kabla mota haijaungua. Nilijaribu asubuhi, nikajaribu mchana. Siku nyingine umeme haukuja kabisa.

Basi nikaanza kuzunguka nikitafuta mashine ya mkono. Nikitoka karakana sikuwa narudi nyumbani, nilikuwa napanda pikipiki kwenda Kadutu, kisha Nyawera, kisha tena Kadutu kwenye duka nililolipita kwa haraka. Sikuweza kukaa. Usingizini nilikuwa naona sahani za matundu za mashine. Mke wangu aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia bado, na nikatoka tena.

Mashine za mkono zipo nyingi Bukavu, kwa sababu kila mama wa sokoni anazitumia kusagia sombe badala ya kutwanga. Lakini kinachotosha jani la muhogo hakitoshi nyama. Jani halina mishipa. Niliziona za alumini, nyepesi, zinazoacha rangi nyeusi kidoleni ukizisugua. Hizo nilizirudisha rafuni mara moja. Niliona za plastiki ambazo mpini wake ungevunjika kwenye kipande cha kwanza. Nilichokuwa natafuta ni chuma kizito kilichopakwa bati, kisu chenye mabawa manne yaliyonolewa upande mmoja, na sahani mbili, moja ya matundu makubwa, moja ya madogo. Juu ya yote, kisu kilale sawasawa juu ya sahani. Pakiwa na nafasi hata ya unywele, mishipa inajisokota pale, na nyama inasagika kama imetafunwa na mtu mwenye hasira.

Katika duka moja la vifaa vya nyumbani Kadutu nilipata iliyofanana na hiyo. Nilifungua kichwa chake, nikabandika kisu juu ya sahani, nikainua kuelekea mlangoni nione kama mwanga unapita katikati. Mwenye duka, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, alikuwa ananitazama.

"Papa, hiyo mashini hainaka mimba. Unaipima nini?"

"Naangalia kisu."

"Iko ya sombe. Sombe haiogopake kisu."

"Ni ya nyama, maman. Wazungu waliitengeneza kwa nyama. Sombe mliiweka ninyi."

"Eh, basi wazungu banakosaka sombe, ndiyo maana banakuwaka bakali."

Watu wawili waliokuwa wakinunua sufuria walicheka. Nikatoa mfuko niliobeba, ndani yake kipande cha nyama ya shingo chenye mishipa, nikamwomba nijaribu pale pale. Alirudi nyuma.

"Nyama mu duka yangu? Hapa hapana buchari. Inzi ikiingia, itatoka na nani?"

"Nitasafisha mwenyewe. Nina diploma ya kazi hii."

"Diploma inafukuzaka inzi?"

Tulibishana mpaka akanipa beseni na ubao, akaniweka nje kwenye ngazi kama mtu anayeuza. Nikabana mashine kwenye ubao, nikazungusha. Nyama ilitoka kwa nyuzi safi, nyekundu mbali na nyeupe mbali, bila kuchanganyika. Mishipa ilikatika. Waliokuwa wanapita walisimama kuangalia, na mwenye duka akasahau inzi, akaanza kuwaambia kwamba mashine zake zote ziko hivyo. Nikainunua. Bomba la kujazia utumbo halikuwemo. Nikamchorea fundi wa mabati karibu na soko, akalikunja kwa chuma kisichoshika kutu.

Ijumaa Kuu nilienda machinjioni kuagiza utumbo wa mbuzi, Jumamosi asubuhi nikauchukua, nikauosha kwa chumvi na ndimu mpaka ukabaki kama karatasi. Mama alikuwa amekwisha kufunga kibegi chake. Nilimwomba jambo moja tu, alale siku mbili zaidi, Jumatatu nimsindikize mwenyewe. Alikubali bila kufurahi.

Niliporudi jikoni, nyama ikiwa imepoa vizuri, nilikuta dada yangu mdogo, tunayekaa naye, anafuta mikono.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "nimeshaifungua mashini yako. Iko muzuri sana."

"Umeifungua vipi?"

"Nimepitisha sombe. Mashini mupya lazima ipite sombe, itoe mafuta ya duka."

Kila mwanamke wa Bukavu angefanya hivyo. Nilifungua kichwa cha mashine: majani kila mahali, kwenye skrubu, kwenye matundu, chini ya kisu. Niliosha, nikachokoa kwa njiti, nikamwaga maji ya moto, nikaacha ipoe tena. Nilisaga. Nyama ilitoka na vidoadoa vya kijani. Sikuwa na nyama nyingine, na soko lilikuwa linafungwa.

"Ukichoma, haitaonekana," dada alisema.

"Sichomi. Nachemsha."

"Basi sema iko majani ya bazungu. Nani atabisha? Weye njo mwenye diploma."

Nikaongeza vitunguu, pilipili manga, barafu iliyopondwa, nikakanda mpaka mikono ikafa ganzi, nikajaza utumbo, nikasokota. Sosisi zilitoka sawa kwa urefu kama za kiwandani. Zilikuwa na madoa ya kijani, lakini fundi yeyote angezisifu kwa umbo.

Jumapili baada ya misa nyumba ilijaa. Mama alikuwa chumbani. Niliingia na sahani kwanza, nikamfunulia peke yake, nikaikata sosisi moja kwa ubavu wa uma.

"Hii ni nyama?"

"Ya ng'ombe. Nimeisaga mimi."

Aliigusa kwa kidole, ikabonyea. Akaangalia mlango, kule sauti za watu zilikokuwa. Akainuka, akajifunga kitenge chake cha Pasaka.

Alikaa mezani mahali pake. Mama alichukua kipande, akaweka mdomoni. Wajomba, wakwe, watoto, wote wakatulia wakiangalia bukari ikitoa mvuke. Tulikuwa tumezoea kungoja sana, na tukangoja.

"Munangoja nini?" mama aliuliza. "Nimeshameza."

Kicheko kilichofuata kilianza kwa watoto. Mama alikula mbili, akaomba ya tatu, akaniambia chumvi kidogo. Shemeji mmoja aliuliza ile kijani ni nini, dada akamjibu kwa Kifaransa jambo ambalo hata mimi sikulielewa. Nilizunguka meza nikijaza sahani ambazo hazikuwa tupu. Sikuweza kukaa hata siku hiyo, lakini ilikuwa furaha.

Watu walipoondoka, mama alikwenda jikoni. Nilimkuta amesimama mbele ya mashine, anaizungusha tupu.

"Hii haitake courant."

"Haitaki umeme, mama. Ni ya mkono. Ndiyo maana niliichagua."

"Na Nyangezi hakuna courant."

Nilichukua kitambaa, nikaanza kufuta meza.

"Papa, kesho nitaenda nayo," alisema. "Nilikuwa naogopa kule. Nani atanipikia kitu laini? Sasa sitakula ndizi kama mugonjwa. Mama mukubwa wa jirani atanizungushia mukono. Utakuwa unakuya Jumapili, weye na batoto. Utangoja nimeze, kwa nyumba yangu."

Nilitaka kumwambia kuhusu dirisha, kuhusu ziwa, kuhusu miaka niliyoosha sahani. Nilimtazama usoni. Hakuwa mtu anayekimbia meza tena. Alikuwa mwenye nyumba anayealika wageni.

Nilichukua kipimo, nikamwuliza meza yake ya Nyangezi ina unene gani. Alinionyesha kwa vidole viwili. Ilikuwa nene, kibanio cha mashine kisingeweza kuishika. Nikatoka uani kutafuta ubao mwembamba wa kuibania kule, kabla giza halijaingia.