Kivuli cha Mpiga Picha

Mtandika vitanda mmoja wa hoteli ya Alexandria, Marekani, hagusi kipanya cha kompyuta kabla hajapitisha kiganja juu ya meza, kama anayenyoosha shuka. Na ukurasa wake wa albamu ya picha anaoupamba kwenye kompyuta, atakaoupeleka kwenye shindano la mtandaoni la mwaka huu wa 2006, anautandika vilevile: anavuta pembe ya picha ya kitenge aliyoiweka kama usuli mpaka ikae sawa, anarudisha kiti nyuma, anainamisha kichwa, anaguna, "Mm-hm." Katikati ameweka picha ya bintiye Jacqueline siku ya kwanza ya shule, begi likiwa kubwa kuliko mgongo. Kwenye nyasi, kivuli cha aliyempiga picha kimelala mpaka kwenye viatu vyake.

"Mom, kata hicho kivuli," alisema Jacqueline, ambaye sasa ni mrefu kumpita mama. "Majaji watakukata alama."

Mama akavuta fremu, lakini kwa kuipanua, mpaka kichwa na mabega ya kivuli yakaenea yote.

"Picha zako zote nimepiga mimi, mwanangu. Hii ndiyo pekee niliyomo." Akapitisha kiganja juu ya skrini, taratibu. "Wakate alama."