Misumari Mia Moja Tisini na Miwili

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, siku yangu ya kwanza kazini, paa la zizi la Kanyangi liling'oka. Ninaijua dakika kwa sababu nilikuwa nimetazama saa ili niandike muda wa kunywesha ng'ombe. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeajiriwa kusimamia ng'ombe sita wa mwenyekiti wa kamati ya josho, lile birika la dawa ambamo mifugo huogeshwa kuua kupe. Watu wote walimwita Mwenyekiti, hata mkewe. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuza dawa za mifugo dukani Matiliku kwa miaka sita, na elimu yangu ya ng'ombe niliitoa kwenye karatasi za maelezo zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Nilizisoma zote, pande zote mbili.

Upepo ule ulitangulia mvua tuliyoisubiri miezi mingi, na mvua yenyewe haikufika. Ulibeba mabati kumi na sita, ukavunja kenchi mbili, yaani mbao za pembetatu zinazoshika paa, na ukatawanya nyasi kavu zilizokuwa darini. Ng'ombe hawakuguswa. Nilidhani hasara imeishia hapo.

Kesho yake mwethya ulifika. Ni kazi ya pamoja ya majirani, leo kwako, kesho kwangu, na hakuna anayelipwa. Kufikia saa nne kina mama walikuwa wamekusanya nyasi zote zilizobaki na kujaza hori. Mtamba mmoja, ng'ombe ambaye hajazaa bado, alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa wa kwanza kunyoosha shingo. Ndipo nikaona kitu kinang'aa katikati ya nyasi. Nikaingiza mkono kati ya mdomo wake na hori, nikatoa msumari wa bati.

"Tafadhali, wasile," nikasema.

Huko Matiliku, mchinjaji jirani wa duka aliwahi kunionyesha msumari alioutoa ndani ya ng'ombe aliyekuwa amekonda bila sababu. Ng'ombe hachagui anapokula. Humeza, kisha hucheua baadaye. Msumari huangukia tumbo la pili, lenye vyumba kama sega la nyuki, na kutoka hapo hadi kwenye moyo ni upana wa vidole vichache.

Mama Mbithe, kiongozi wa mwethya, aliniangalia kuanzia viatu. "Nyasi hizi tumeziokota kwa mikono yetu. Unasema tumewalisha sumu?"

"Sumu hapana, Mama. Misumari. Tuihesabu kwanza."

"Aiya! Mwenyekiti, umeandika mtu wa duka. Sasa ng'ombe watakula risiti."

Wote walicheka isipokuwa Mwenyekiti. "Nduku," akaniambia, "hawa wamelala njaa. Ng'ombe hashibi hesabu."

"Nipe mpaka saa nane. Nikikosea, nitarudi Matiliku leo leo."

"Na huyu mtamba akitupa mimba?"

Niliwafunga ng'ombe nje, nikawapa maji, kisha nikaanza.

Kila bati lilikuwa na matundu kumi na mawili. Niliyahesabu yote, sikukisia: mia moja tisini na mawili. Misumari iliyobaki kwenye mbao na mabati ilikuwa mia moja thelathini na mmoja. Ardhini, pamoja na ule wa hori, tuliokota arobaini. Ilipungua ishirini na mmoja. Nikamwomba Mwenyekiti redio yake iliyokufa. Alisita, maana kwa miaka minne alikuwa akimsubiri fundi wa kuitengeneza, lakini alinipa. Nilitoa sumaku ya spika, nikaifunga kwenye fimbo, nikatandaza nyasi juu ya turubai, konzi moja baada ya nyingine, nikipitisha fimbo juu yake.

Kufikia saa saba sumaku ilikuwa imetoa misumari kumi na minne. Kicheko kiliisha. Kina mama walikaa chini, wakaanza kupepeta nyasi pamoja nami. Saa nane kasoro robo tulikuwa na ishirini.

"Umebaki mmoja, Nduku," Mwenyekiti alisema, mkono ukiwa kwenye mti wa lango. "Mmoja tu. Nifungue?"

"Hata mmoja una ncha, Mwenyekiti."

Aliuondoa mkono langoni. Mtamba alilia. Tulirudia turubai lote, hakuna kitu. Saa nane ikafika, nami nikatazama mfuko wangu wa nguo pale mlangoni.

Mama Mbithe akakohoa. Akafungua fundo la pembe ya leso yake. "Huu niliuokota asubuhi," alisema polepole. "Mlango wangu wa jikoni umelegea. Sikujua huyu anahesabu kama malaika wa siku ya mwisho."

"Kai, Mama Mbithe!" wenzake wakapiga kelele. Mwenyekiti alicheka hadi akashika lango, kisha akalifungua. Ng'ombe wakala. Mwezi uliofuata mtamba alizaa ndama jike.

Nilikaa Kanyangi miaka minane. Meneja wa shamba nililohamia karibu na Mtito Andei alinikuta siku moja nikihesabu matundu ya mabati ya zizi, akaniuliza kama niko mzima. Upepo ulipopita huko, alikuja mwenyewe na ndoo: "Nduku, tumefikisha mingapi?" Katika mazizi yote niliyosimamia baada ya dhoruba, sikupoteza mnyama hata mmoja kwa msumari.

Sasa goti limenistaafisha. Vijana wanaonitembelea huniuliza upepo wa Kanyangi uliharibu kiasi gani, nami huwasomea daftari la mwaka ule. Mabati manne yaliyopasuka, shilingi elfu mbili mia nane. Mbao, elfu nne mia mbili. Marobota manane ya nyasi yaliyopeperuka, elfu moja mia sita. Ng'ombe, sufuri. Misumari tuliinyoosha, tukaitumia tena, isipokuwa ule wa Mama Mbithe, ambao Mwenyekiti alimrudishia kwa ajili ya mlango wake. Kwa hiyo msumari mpya mmoja, shilingi tatu. Jumla: shilingi elfu nane mia sita na tatu.