Uwanja Uliobaki Wazi

Klabu yetu ilifilisika baada ya mashine za kuchuma chai kuingia mashambani. Wanachama wengi walikuwa wachumaji, na kazi ilipokwisha walirudi kwao, Kisii na Kakamega, magodoro na sufuria zikiwa zimefungwa juu ya lori. Sisi tuliobaki hatukuweza kulipa hata stima. Mimi nilikuwa nikipima majani katika kituo cha chai, si mbali na Mogogosiek, na jioni nilicheza voliboli. Nilianza nikiwa msichana. Klabu ilipoanguka nilikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, bado nacheza.

Mtu aliyetumwa na mahakama kuuza mali ya klabu alikuja asubuhi moja akiwa na viatu vya mjini. Alishusha vikombe vyetu kutoka kwenye rafu, akavifunga ndani ya gazeti, kisha akaweka kufuli mpya kwenye mlango wa ukumbi. Nilimfuata hadi kwenye gari.

"Na uwanja?" nikamwuliza.

"Uwanja si ya klabu, mama. Hiyo ni ardhi ya wananchi. Klabu ilikuwa inatunza tu."

"Kwa hivyo itabaki?"

Akatazama nyasi, ambazo zilikuwa zimefika magotini. "Ikitumika, itabaki. Ikikaa bure, mtu ataingia na jembe. Nimeona hiyo mara mingi."

Wavu ulikuwa umechanika, akaniachia. Mpira mmoja ulikuwa nyumbani kwangu, chini ya kitanda.

Nilifanya kama alivyosema. Nilifyeka nyasi kwa siku nne, nikachora mistari kwa chokaa. Kila siku saa kumi, mvua ikishapita, nilifunga wavu kwenye milingoti na kungoja. Wiki ya kwanza walikuja wanawake wawili tuliokuwa timu moja. Wiki ya pili alikuja mmoja, akakaa kidogo, akasema ana ng'ombe wa kukama. Baada ya hapo hakuja mtu. Nikawa naanzisha mpira upande huu, napita chini ya wavu, nauokota, naurudisha kutoka upande ule. Wapita njia walinisalimia kwa sauti ya chini, kama unavyomsalimia mtu aliyefiwa.

Siku moja nilikuta miche ya chai imepandwa kwenye kona ya uwanja, mistari mitatu iliyonyooka. Nilijua ni ya nani. Shamba la jirani yangu linapakana na uwanja, naye alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Nilimkuta akichanganya chumvi ya ng'ombe.

"Shemeji," nikamwambia, "umepanda chai kwa uwanja."

"Uwanja gani? Watu si walienda wote?"

"Mimi nacheza."

"Na nani?"

 Akanikaribisha chai, nikasema nimeshiba, ingawa sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Kesho yake alikuja kusimama nyuma ya nyasi zake za nepia, za kulisha ng'ombe, akinitazama. Nilitaka kwenda nyumbani kwa aibu, lakini nikaendelea. Mara moja mpira ulibingirika hadi kwenye miche yake. Niliufuata nikiinua miguu ili nisikanyage hata mche mmoja.  Aliondoka, na siku zilizofuata nilimwona hapo tena mara kadhaa.

Kisha chifu akaita baraza. Wafanyabiashara wawili walitaka uwanja ukatwe ploti za maduka. Chifu akauliza kama kuna mtu anayeutumia. Nilisimama, nikasema, "Mimi."

"Mtu mmoja si timu!" mfanyabiashara mmoja akapaza sauti, na watu wakacheka. Nilitazama chini.

Jirani yangu akasimama na kuvua kofia.

"Mimi nilipanda chai pale nikifikiri pameachwa," akasema. "Lakini huyu mama yuko pale kila siku. Hata siku ile ya mvua ya mawe nilimwona. Mimi kesho nang'oa miche yangu. Ninyi mtasema nini?"

 Chifu aliamua uwanja ubaki wa wote, nami nikapewa kazi ya kuutunza.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu yule mwenzangu wa timu aliyekuwa akinipangia mipira niipige, miaka yote ile. Sasa yuko kwao Kisii, analea wajukuu. Nilipomwambia uwanja umebaki alipiga kelele za furaha hadi nikaondoa simu sikioni.

"Sasa nani anakupangia mipira?" akauliza.

Nikamwambia netiweki ni mbaya. Mtoto akalia upande wake, naye akakata simu.

Siku hizi wasichana wa sekondari huja Jumanne na Alhamisi, na wauguzi wa zahanati huja Jumamosi. Wasichana wananiita kogo, nyanya kwa Kikipsigis, na wanapigiana kelele kwa Sheng nisiyoielewa vizuri. Juzi walinivuta niingie. Hakuna aliyejua kwamba mimi hupangiwa mpira juu sana, nyuma kidogo ya bega. Niliukosa mara mbili.

"Pole, kogo," wakasema, na walimaanisha.

Nilirudi kwenye benchi. Nilitaka uwanja ubaki wazi, na umebaki. Ila moyoni, sijui kwa nini, nilikuwa nikiamini ukibaki wazi wale wa zamani watarudi.

Mvua ikaanza kabla hawajamaliza. Wasichana walikimbilia chini ya paa la ukumbi, ambao mtu aliununua akaufanya stoo ya mbolea, nami nikabaki uwanjani nikifungua wavu.