Mfungo Niliomficha Daktari

Kilichonitisha kwanza kilikuwa mlio wa mchi. Nilikuwa nimepiga magoti chumbani mwangu, mtaa wa Vulamba mjini Butembo, saa tisa ya mchana, nikasikia mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo: du, du, du, bila haraka na bila kupumzika. Nilikasirika. Nikatoka nje nimwombe mama jirani asubiri nimalize sala. Kinu chake kilikuwa kimefunikwa uani, kikavu, na mwenyewe alikuwa sokoni. Niliporudi ndani, mlio ulirudi pamoja nami. Niliziba sikio la kushoto kwa kidole, ukazidi. Nikajishika mkono pale mshipa unapopiga, ndipo nikafahamu kwamba mchi ule ulikuwa unaufuata moyo wangu.

Mtu mwingine angekwenda hospitali siku ileile. Mimi nilianza kufikiri. Nilikuwa nimesoma sana habari za wamonaki wa jangwani, na nikajiuliza kama mlio ule haukuwa alama ya neema. Kisha nikajiuliza kama Béatrice naye aliwahi kuusikia. Kisha, na hapa ndipo tumbo liliponichoma, nikajiuliza kama aliusikia kabla yangu.

Ninyi mnaosoma ushuhuda huu hamumjui Béatrice, kwa hiyo nianze na maisha yetu kabla ya ugonjwa.

Ilikuwa miaka ya uasi. Butembo ilitawaliwa na waasi, na Kinshasa ikawa mbali kama nchi nyingine. Nilikuwa ninaandika tasnifu yangu ya uzamili juu ya sala na mfungo wa Wakristo wa karne za kwanza, lakini profesa aliyenisimamia alikuwa upande wa pili wa mstari wa vita. Sura nilizomtumia hazikurudi. Béatrice alikuwa mwalimu wa Kifaransa, mzaliwa wa Kasai, aliyeletwa na serikali kufundisha kwetu kabla ya vita. Barabara zilipofungwa, mshahara wake ukakatika na njia ya kurudi kwao ikakatika. Tulipanga nyumba moja. Alikuwa mdogo kwangu, akaniita Ya Masika, yaani dada mkubwa Masika.

Jioni moja tukichambua maharagwe, aliniuliza, “Donc, Ya Masika, bile bitu unaandikaka, batu banaweza kubifanya leo? Ama ni ya bitabu tu?”

Swali lile lilinishika. Nilimwambia kwamba inawezekana. Nikampangia kanuni: sala ya saa tatu, ya saa sita na ya saa tisa, popote mtu alipo, darasani au sokoni, ukimya wakati wa kupika, kusoma aya moja polepole mpaka ikae moyoni, na katika Kwaresima, kufunga hadi saa tisa ya mchana, kama walivyofanya wale wa kale, kisha kula chakula cha kawaida. Nikaongeza sharti moja: kila mtu afunge kwa siri, asimwonyeshe mwenzake wala mtu mwingine yeyote. Nilikuwa mwalimu, naye alikuwa mwanafunzi. Nakiri kwamba mpango huo ulinipendeza.

Haukupita muda mrefu mwanafunzi akanipita. Sijui niseme vipi bila chuki. Mimi nilisali na kuhesabu makosa yangu katika kusali. Yeye alisali na uso wake ukawa kama wa mtu aliyetoka kuoga. Alikoroga bugali kimya, mwiko ukizunguka taratibu, nami nikikaa katika ukimya huohuo nikihariri sentensi kichwani. Padri alimwomba aongoze sala ya akina mama. Siku moja, mvua ikinyesha, wanawake wawili walibisha mlangoni na mtoto mwenye homa.

“Tunatafuta Mama Béatrice,” wakasema. “Amuombee mutoto.”

Nikawaambia kwamba mimi ndiye ninayesomea mambo hayo.

“Wasingya, mama,” mmoja akanishukuru kwa Kinande, kwa heshima kabisa. “Basi utushikie mwavuli.”

Niliwashikia mwavuli.

Tangu siku ile niliamua kufunga kuliko yeye. Sikuwahi kumwona akila mchana, kwa hiyo nilidhani anafunga hadi jioni. Nikafunga hadi jioni. Nilipoona bado ana nguvu za kucheka, nikaanza mara nyingi kuruka pia chakula cha usiku, na kwa sababu ya lile sharti la siri nilipaka mchuzi kwenye sahani yangu ili aione asubuhi na kuamini kwamba nimekula. Kichwa kiliniuma, nikameza aspirini kwa kahawa nyeusi, tumbo likiwa tupu. Kilichoanza kama kiungulia kikawa maumivu ya kuchoma chini ya kifua, kama mtu amebandika kaa la moto. Maumivu yale niliyaita msalaba.

Wivu haukupungua kwa njaa, ulinenepa. Béatrice aliponiuliza, “Ya Masika, mbona unakondaka?” nilimjibu kwamba nyumba imekuwa ndogo kwa watu wawili na labda angetafuta mahali pengine. Hakugombana. Alikunja vitenge vyake, akaniachia ndoo yake na nambari ya simu ya jirani wa huko alikokuwa anahamia, akapanda gari kwenda Beni, ambako mwalimu mwenzake wa kwao alimpa kitanda na vipindi vichache shuleni. Nilibaki na nyumba yote. Ukimya niliokuwa nautaka niliupata, na ndani yake ule mchi ukaanza kutwanga.

Baada ya mlio zikaja dalili nyingine, na ninazitaja wazi ili mtu asione haya kama nilivyoona mimi. Choo changu kilikuwa cheusi kama lami, kinanata, na harufu yake ilinifukuza mwenyewe. Nilijiambia ni sombe, ingawa sikuwa nimekula sombe. Viganja vyangu vikawa vyeupe. Nikipanda kilima kidogo cha kwenda kanisani, nilisimama njiani na kujifanya natazama mabanda ya nguo. Kwenye zahanati, muuguzi alisikia habari ya masikio na udhaifu, akasema ni malaria, akanipa kinini. Aliniuliza kama ninakula. Nikasema ninakula. Mfungo ulikuwa siri kati yangu na Mungu. Hivyo ndivyo nilivyoliita jambo ambalo kwa kweli lilikuwa kati yangu na Béatrice.

Nilianguka siku ya soko, karibu na muuza vitunguu. Nakumbuka vitunguu vikibingirika, na ladha ya chuma mdomoni. Nilitapika damu yenye vipande vyeusi kama machicha ya kahawa. Ndugu yangu Kambale, mfanyabiashara wa nguo, alinibeba hadi hospitali katika gari la mtu asiyemjua.

Daktari alikuwa mwanamume mfupi, mchovu, anayesema kama mtu anayeandika. Alinibonyeza tumbo, akafunua kope zangu.

“Kuna kidonda tumboni, kinavuja,” alisema. “Damu imebaki kidogo sana. Unatumia dawa gani?”

“Aspirini, mara mojamoja.”

“Na kula?”

“Kawaida.”

Mama yangu, aliyekuwa amefika kutoka Kalunguta na kikapu cha ndizi, aliketi kwenye ukingo wa kitanda. “Masika, mwali wangu, mutu mwenye anakula hana mikono ya hivi.”

“Mama, nimesema ninakula.”

Daktari hakubishana. Alisema kundi langu la damu ni O hasi, ambalo ni adimu, na kwamba friji ya hospitali haina hata chupa moja ya aina hiyo. Walipimwa Kambale, mama, na binamu wawili. Hakuna aliyefaa. “Fikirini vizuri nani mwingine anaweza kuwa nayo,” daktari akawaambia mbele yangu, “dada huyu hawezi kusubiri mpaka Jumapili.”

Mimi sikuwa na haja ya kufikiri. Mwaka mmoja nyuma, mwalimu mwenzake Béatrice alijifungua vibaya, nasi tulikwenda kutoa damu. Kadi zetu zilitoka sawa: O hasi, mimi na yeye. Siku ile tulicheka, tukasema basi ni udugu. Nilijua jina, nilijua mji, nambari ilikuwa katika mkoba wangu chini ya mto. Nikanyamaza. Nililala pale mchi ukitwanga sikioni, nikipima jambo hili kwa makini kama hoja ya tasnifu: kama nikipona kwa damu yake, nitakuwa nimebakiwa na nini kilicho changu?

Kabla sijaeleza nilivyoamua, acheni niseme yaliyofuata, maana najua mnaosoma mkiwa na mgonjwa nyumbani mnataka kujua mwisho wake. Nilipona. Niliongezewa damu chupa moja, nikapewa dawa za kukausha kidonda, nikakatazwa aspirini na kahawa. Mlio ulififia polepole, kisha siku moja, nikifua nguo, nikatambua kwamba nimesikia maji tu. Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule, ambaye hakunikemea. Namshukuru mama, aliyenilisha mbuyi, uji wa mahindi, kijiko kwa kijiko huku akinitukana kwa Kinande. Namshukuru na Béatrice, ingawa shukrani hiyo bado hunikwaruza ninapoitamka. Kidonda kimepona, wivu unatibiwa, na matibabu yake ni marefu. Juzi, alipokuja kunitembelea, nilisikia anaimba kanisani, nikajipata nikiwaza kwamba hata damu anayo nzuri kuliko yangu.

Bado ninashika zile saa. Sala ya saa tatu huangukia kati ya mihadhara, ya saa sita hunikuta kwenye foleni ya maji, na sijioni mtakatifu. Ninachowaomba ninyi mnaofunga ni haya tu. Choo kikiwa cheusi, msingoje. Mkifunga, awepo mtu mmoja anayejua mnakula nini na lini, hata kama ni mama yenu tu. Na daktari akiuliza, mfungo si siri tena. Mungu hahitaji umdanganye daktari kwa ajili yake.

Sasa ile simu. Asubuhi ya pili hospitalini mama aliniosha miguu, na nilimwona anaiosha kama miguu ya maiti, kidole kwa kidole, bila kunitazama. Hakulia. Nikamwambia Kambale, “Leta simu yako.” Mtandao ulipatikana dirishani tu, kwa hiyo walisogeza kitanda. Daktari alikuwa anapima presha ya mgonjwa jirani. Jirani wa Beni alipokea, akaita jina, nikasikia kandambili zikikimbia.

“Ya Masika? Ni weye? Sauti yako imekuwa ndogo!”

“Béatrice, nimelazwa. Ninahitaji damu, na ni yako tu inayofaa.”

“Yangu?” Akacheka kicheko chake kilekile ambacho nilikuwa nakichukia. “Ulinifukuza nyumba, sasa unataka nikae mpaka mu mishipa yako? Bon. Nitafute pikipiki, niko nakuya leo. Kama basoda ba bunduki benye kufungaka barabara ku barrière banaleta maneno, nitabaombea mpaka bachoke.”

Ingetosha. Ningeweza kusema asante na kukata. Lakini hata pale, nikiwa nimebakiza pumzi chache, nilitaka kujua.

“Béatrice, wewe ulifungaje mpaka usiku bila kuumwa?”

“Usiku? Nani alikuambia usiku? Saa tisa nilikuwa nakula kwa masomo, pamoja na balimu benzangu. Maharagwe na bugali, tena mingi. Si njo vile ulinifundisha?”

Mama aliacha kupangusa miguu yangu.

“Ya Masika,” sauti ikasema, na safari hii haikucheka. “Weye, hukukula?”

“Hapana.”

“Tangu lini?”

“Tangu Kwaresima ianze. Sahani ulizoziona nilizipaka mchuzi.”

“Na daktari anajua?”

“Hapana.”

“Basi mupe simu.”

Daktari alikuwa amegeuka, ananitazama. Nilinyoosha mkono, nikampa.