Rangi ya Kucha kwenye Injini

Wiki iliyopita gari langu lilianza kugonga. Kama una gari la dizeli la umri kama wa langu, unaijua hali hiyo. Unazoea kelele zake zote, ya mkanda na ya ekzosi, halafu asubuhi moja unasikia ngeni katikati ya zile ulizozoea na moyo unashtuka. Langu lilikuwa likigonga nikikanyaga mafuta, nikiachilia linanyamaza. Nikalipeleka Kawangware, kituo cha 56, kwa kijana niliyeelekezwa, na kabla hajafungua boneti nilikuwa nimeshajitafutia kreti ya soda na kukaa mahali ninapoiona mikono yake yote miwili.

"Madam, kwani unanichunga?" akauliza huku akicheka.

"Nimekaa tu," nikamwambia. "Wewe fanya kazi."

Sikuwa nimekaa tu. Mimi simwamini fundi wa magari, na malezi hayo niliyapata kwa mama yangu, mwanamke aliyeweza kumshuku hata muuza chumvi. Lakini kijana alipochukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini na mpini akaubana sikioni ili asikilize, nilimkumbuka mtu mwingine aliyekuwa akisikiliza hivyo hivyo, hapo hapo 56, nikiwa msichana mdogo wa shule ya msingi. Ngoja nikusimulie.

Tulikuwa tukikaa Kibera, sehemu ya Silanga, karibu na bwawa. Mama aliuza makaa na mboga mbele ya nyumba. Baba alikuwa na pikapu ya dizeli iliyokuwa nyeupe kabla sijazaliwa, na kwa pikapu hiyo tulikula, tukavaa, tukasoma. Asubuhi zilianza kwa baba kuiwasha. Inakohoa, inakataa, inakohoa tena, halafu moshi unaingia ndani kupitia mwanya wa mabati na mama analalamika kwamba uji wetu utanuka gari. Uji wenyewe ulikuwa juu ya stovu ya mafuta ya taa, kwa hiyo ulikuwa ushanuka tayari. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kujaza makaa kwenye mikebe ya kuuzia, na nilikwenda darasani na kucha nyeusi ambazo mwalimu alizikagua kila Jumatatu kwa huzuni kubwa.

Fundi wa pikapu alikuwa mtu wa Kitui, kama sisi. Zamani alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, kisha akahamia Kawangware kufungua gereji. Hata baada ya kuhama, kila Jumapili akitoka kanisani alivuka kuja kwetu kula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ambayo mama aliyapika polepole tangu alfajiri. Alimwita mama "mwaitu", kama watu wa kwetu wanavyomwita mama wanayemheshimu, na mimi alinitengenezea vigari vya waya ingawa watu walisema hivyo ni vya wavulana. Akiondoka mama alimfungia kilichobaki katika bakuli la bati lenye maua ya buluu. Jumapili iliyofuata bakuli lilirudi na kitu ndani, sukari, mayai, machungwa mawili, kwa sababu kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nilimpenda sana mtu yule, na sioni aibu kusema hivyo.

Kisha pikapu ikaanza kugonga. Ilianzia kwenye mwinuko wa kwenda mtaa wa Olympic, siku baba amebeba magunia ya makaa, nami nimekaa mbele. Ilikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya injini anagonga mlango. Baba alikaza uso, akaongeza sauti ya kuimba kwake. Siku zilizofuata mlio ukazidi, moshi ukawa mwingi, nguvu zikapungua, mpaka siku moja watu wakaisukuma pikapu hadi kileleni huku wakitutania.

Mama akalifikiria jambo hilo kama alivyofikiria kila jambo, yaani akamtafuta mtu wa kulaumu.

"Nani alifungua hiyo injini mara ya mwisho?" akauliza.

"Si ni fundi wetu," baba akasema. "Juzi tu, wakati wa sevisi."

"Na kabla ya hapo ilikuwa inagonga?"

Baba akasema haikuwa inagonga. Mama akatikisa kichwa taratibu. Wewe mwenyewe unajua kinachosemwa Nairobi kuhusu mafundi: unaacha gari na nozeli nzuri, vile vidude vinavyopuliza dizeli ndani ya injini, unarudishiwa mbovu zilizotoka kwa gari la mtu mwingine. "Ametubadilishia," mama akasema. "Anakula kwangu kila Jumapili na ametubadilishia." Baba alikuwa akiangalia sahani yake.

Kilichofuata ni desturi ambayo kila mwenye gari kuukuu mjini anaijua. Gari haliachwi peke yake gereji. Mtu wa nyumbani anakaa nalo kutwa nzima kama anayekaa na mgonjwa hospitalini, na akiondoka anaondoka na vipuri vya zamani mkononi, ushahidi kwamba kweli vimetolewa. Ila mama aliongeza la kwake. Alikuwa na chupa ya rangi ya kucha nyekundu aliyoinunua kwa ajili ya arusi ya mdogo wake. Ijumaa jioni alimwambia baba afungue boneti, akatia nukta nyekundu kwenye kila nozeli ili kikibadilishwa kitu akijue, akatia kwenye betri, kwenye alteneta inayoichaji, hata kwenye redio ambayo haikuwa ikifanya kazi. Iliyobaki chupani niliiomba mimi, akanipaka kucha zote kumi juu ya weusi wa makaa.

"Utaenda na baba yako," akaniambia. "Baba yako ana haya na watu. Wewe uangalie kila kitu, halafu uniambie."

Basi kesho yake, Jumamosi, nikaenda. Gereji ilikuwa uwanja wa udongo mweusi uliolowa mafuta, na jirani yake alikuwa mama anayekaanga mandazi, hivyo mahali pote palinuka mandazi na oili. Fundi alifurahi kutuona. Aliwasha injini, akabana bisibisi sikioni, akafumba macho. Kisha akachukua spana akaanza kulegeza paipu za dizeli moja baada ya nyingine huku injini inanguruma. Alitueleza bila kuulizwa: ukilegeza paipu na mlio usibadilike, nozeli hiyo haina neno, ila ukilegeza na mlio ukanyamaza, umempata mwenye makosa. Alilegeza ya kwanza, mlio ukaendelea. Alipofika ya tatu ukanyamaza. Akainama kuitazama vizuri, na hapo akaiona ile nukta. Akatazama nyingine. Akatazama betri.

"Mzee," akamwuliza baba, "hii rangi ni ya nini?"

Baba akajifanya hakusikia. Fundi akageuka kwangu, labda aniulize mimi, na macho yake yakashuka mpaka kwenye vidole vyangu. Nilikuwa nimevishika mbele ya gauni, vimepakwa vizuri. Hakuuliza tena. Uso wake ulibadilika kidogo tu, kama wa mtu aliyekumbuka kwamba ana safari.

Akarudi kwenye kazi yake. Alifungua filta ya dizeli, akamimina kilichokuwemo katika chupa ya plastiki iliyokatwa, akachovya kidole, akasugua, akanusa. Akamwita baba nyuma ya pikapu. Sikusikia alichosema. Nilisikia jibu la baba, kwa sauti ndogo: "Usimwambie mama watoto." Nikaisogelea ile chupa, maana nilitumwa kuangalia kila kitu, na harufu iliyonipiga ilikuwa ya nyumbani, harufu ya stovu yetu.

Fundi alitoa nozeli zote, akatia nyingine, na mlio ukaisha. Baba alishukuru haraka haraka tukaondoka, na kwa aibu yake akasahau kuchukua zile za zamani.

Jioni mama alinyoosha mkono kabla hatujaketi. "Za zamani ziko wapi?" Baba akashika kichwa. "Unaona?" mama akasema, na akaketi kama mtu aliyeshinda kesi. "Amebaki nazo. Sasa huyo asinikanyagie hapa tena."

Nikamwambia mama kila kitu, kama alivyoniagiza. Paipu ya tatu, kidole, chupa. Nikamwambia kwamba mafuta ya gari letu yananuka stovu, na kwamba baba alisema mama watoto asiambiwe.

Mama hakumpigia baba kelele. Alimtazama tu, na baba akayasema mwenyewe, akiwa ameikodolea macho meza. Siku hizo mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na yeye alikuwa akiyachanganya kwenye tanki tangu biashara ilipolegea. Ndiyo yaliyokuwa yakizila zile nozeli. Na mama alipomshuku fundi, baba aliona ni nafuu ashukiwe fundi.

"Ukaniacha nipake rangi," mama akasema.

Jumapili fundi hakuja. Mama alikuwa amepika muthokoi kama kawaida, akatia ndani ya lile bakuli la maua, akafunga kwa kitambaa safi na kulipeleka Kawangware mwenyewe, kwa miguu, nami nikimfuata. Fundi alilipokea kwa mikono miwili. "Asante, mwaitu," akasema, na akatuulizia afya zetu mmoja mmoja. Mama alikuwa na maneno yake tayari, niliyasikia akiyarudia njia nzima, lakini pale hakuyasema. Tulirudi kwa njia ya Olympic.

Bakuli lilirudi baada ya siku chache, mkononi mwa jirani. Lilikuwa limeoshwa vizuri na halikuwa tupu. Ndani, juu ya kitambaa chetu kilichofuliwa, zilipangwa nozeli zote nne za zamani, kila moja na nukta yake nyekundu ikiangalia juu. Fundi hakukanyaga kwetu tena.

Yule kijana wa wiki iliyopita aliniita nikasikilize. Nikanyanyuka kwenye kreti, lakini kwanza nilizunguka nyuma, nikafungua kifuniko cha tanki, nikanusa. Kaka yangu huliazima gari hili. Ilikuwa dizeli tupu. Nikamwambia kijana aendelee, naenda kutafuta chai, nikamwacha peke yake na gari langu. Niligeuka kumwangalia mara mbili.

Nilikwenda mpaka pale ilipokuwa gereji. Sasa kuna nyumba ya ghorofa ya kupangisha, chini ni saluni, na msichana alikuwa mlangoni akimpaka mteja kucha. Nikamwuliza msichana habari za fundi wetu wa zamani, akasema hajawahi kumsikia. Baba tulishamzika. Bakuli bado liko kwa mama, juu ya kabati, na nozeli zimo ndani. Watoto wangu wakiuliza ni vya nini vile vyuma, huwaambia ni vya mgeni, atakuja kuvichukua.