Nilimpandia mbawala chakula, wakaja ng'ombe za watu

Wakuu, salaam kutoka Goma. Hii siitungi. Anayebisha aje nimwoneshe malengelenge ya jembe.

Muzee wangu alikimbia vita Masisi, akaja kukaa kwangu mtaa wa Katoyi, hapa mjini. Mkulima asiye na pa kulima. Kutwa anapanga na kupangua mawe ya uani. Alikuwa ananyauka nikimwona.

Kijijini kukatulia, majirani wakarudi. Yeye akagoma.

"Masasi ya bunduki ilifukuza mbawala," akasema. "Siku atarudi kula kwa shamba yangu, na mimi nitarudi. Yule anajua kuliko redio."

Jamani, utabishana vipi na mtu wa hivyo? Na shamba likikaa tupu kule, watu wanaanza kujipimia.

Nikasema sawa. Kama shida ni mbawala, ataletwa!

Mbegu za maana sikuwa na uwezo nazo. Nikaomba marando ya viazi vitamu kwa mama mkwe, nikaokoteza maharagi yaliyotobolewa na wadudu sokoni. Nikapanda kule shambani kwake, kando ya msitu, nikarudi mjini.

Yakashika vizuri. Kumbe karibu na pale kuna familia zilizokimbia vijiji vingine. Wamama wakachuma matembele yote. Siwalaumu, watoto walikuwa na njaa. Lakini wakuu, mbawala atakula nini?

Nikapanda tena. Safari hii nikasimamisha kibao: HII NI CHAKULA YA NYAMA.

Sasa kwetu nyama ni mnyama yeyote, wa porini na wa kufugwa. Mimi nilimaanisha wa porini. Nilijiona nina akili kweli.

Niliporudi nikakuta ng'ombe wamejaa humo, wanatafuna kwa raha zao. Mwenye nao, naye mkimbizi, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Papa, Mungu akubariki. Tulisoma kibao."

Nilitaka kulia, nakwambia.

Nikafika nyumbani nimevimba kwa hasira, nikammwagia muzee yote. Akaacha mawe yake.

"Hao batu wanachunga muchana?"

"Muchana kweupe, papa! Na kengele shingoni, zinalia mpaka ng'ambo ya kilima!"

"Kengele?"

Akaingia ndani kutafuta kofia.

"Wakati wa vita tulizifungua zote, tusisikike. Mutu anaogopa hawezi kufunga ng'ombe kengele. Twende."

Wakuu! Misimu miwili nahangaika na mbawala, kumbe muzee alihitaji kengele tu. Si angesema?

Alihamia kule, akalima mwenyewe. Leo asubuhi kanipigia simu, anafoka.

"Ile nyama yako imekuja! Imekula maharagi yangu yote! Lete waya ya uzio, leo hii!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Muzee wangu yuko kwake, na anagomba.

Nilichojifunza: ukiandika kibao, taja mnyama kwa jina lake.

Kwa hiyo mwenye njia ya bei nafuu ya kumfukuza mbawala, aishushe hapa. Ya kumwita ninayo.