Hanga la Sako ya Minazi Mirefu

Hebu mtie machoni mama huyu anavyoingia ukumbini pale Malindi, jua limeshapanda. Mrefu, mwembamba, leso moja kiunoni na nyingine mabegani, vidole vimejaa makovu ya sindano ya kushonea makuti. Hatafuti kiti. Anatafuta nyuso za wenzake, nao wamemkazia macho kama watu wanaongoja dawa. Huyo ndiye Kahaso wa Marafa. Leo amebeba neno la kundi zima la wanawake.

Kundi lao lilikuwa la hanga, ndivyo Wagiriama waitavyo matanga. Kwao mtu akifa, watu huja kulala kwa wafiwa bila kualikwa, na watu wakilala lazima wale. Basi wanawake wakawa wanachanga kidogo kidogo, pesa zinakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Kahaso, msiba ukitokea unga unanunuliwa.

Ndipo akatokea Ngowa, meneja wa Sako ya Minazi Mirefu, ushirika wa akiba na mikopo. Ngowa hakosi hanga. Atapasua kuni na vijana, atalala jamvini kama mtu yeyote, asubuhi atajikuta amefunikwa na leso ya bibi asiyemjua. Kahaso akawaambia wenzake, "Mtu anayelala na wafiwa, atatuibia vipi?" Kwa ushahidi huo, wala hapakuwa na mwingine, sanduku likafunguliwa, pesa zikapelekwa sako.

Sako ikaanguka. Wakubwa wake walikuwa wamekopeshana wenyewe kwa wenyewe, wakajenga nyumba za wageni ambazo wageni hawakuzijia. Mlango ukatiwa kufuli. Na ajabu ni kwamba Ngowa hakutoroka. Hangani anakuja mpaka leo, anakaa pembeni, na hakuna anayemfukuza, maana hangani hafukuzwi mtu.

Sasa serikali ya kaunti inataka kuiokoa sako kwa pesa za umma, zile zilizotengwa kuvuta bomba la maji upande wa Sabaki. Wananchi wameitwa watoe maoni, na kundi la Kahaso limemtuma aunge mkono. Na huko Marafa, mavyaa wa Kahaso, mama wa mumewe, amelala kitandani, hata uji haushuki tena. Kila mtu anajua hanga linalofuata ni la nani.

Mlangoni mwa ukumbi Kahaso alikutana na Sumeiya, mkulima wa Sabaki, mteja wake wa makuti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nawe umekuja?"

"Nimekuja kukupinga." Sumeiya akacheka. "Usinikunjie uso! Makuti yako nitanunua, lakini bomba langu silitoi. Ilipokuwa ikigawa faida, sako ilikuwa yenu. Leo imekufa, imekuwa yetu sote? Sisi tunachota mtoni, mamba anatuchagua kwa macho."

Pola, wifi yake Kahaso, akadakia, "Kodi si yako peke yako, binti. Hata mimi nikinunua kiberiti nalipa."

"Basi na bomba ni lako pia, shangazi. Lete ndoo."

Hata Pola alicheka, ingawa mgonjwa yule ni mamake mzazi.

Afisa wa fedha, Bi Nyokabi, alieleza mpango kwa upole. Alipomaliza, Kahaso akasimama.

"Pesa hizo zikitoka, sisi wenye akiba zitatufikia lini?"

"Kwanza zitalipa madeni ya sako kwenye mabenki, mama, na mishahara, ili milango ifunguke. Wanachama watalipwa polepole, ikishapata nguvu."

"Na Ngowa?"

"Uongozi utabaki kwa muda. Ndio wanaoijua kazi."

Ukumbi ukaguna. Ngowa alikuwa kiti cha nyuma kabisa, kainamisha kichwa, vile vile anavyokaa hangani.

"Kwetu," Kahaso akasema, "mchango wa hanga hupewa wafiwa. Sijaona bado ukipewa maiti anunue viatu."

Watu wakaangua kicheko, wengine wakapiga meza. Bi Nyokabi naye alicheka, kisha akangoja kelele zitulie.

"Umesema kweli, mama. Lakini nami nikuulize. Humo ndani yamebaki meza na viti. Maiti huyu akizikwa, wafiwa watalipwa na nani? Sako ikisimama, huenda mkapata. Ikifa, hampati."

Kahaso alivuta leso mabegani. Akakaa.

Wanaounga mkono wakaombwa wainue mikono. Wa Pola ulikuwa wa kwanza, kisha wa kundi zima, mmoja mmoja, macho yote kwa Kahaso. Alimwazia mavyaa wake, aliyempokea akiwa bibi harusi asiyejua hata kusonga sima. Aliwaza sanduku la bati, na maneno aliyowaambia wenzake kwa kinywa chake mwenyewe. Alimwona Sumeiya ng'ambo ya ukumbi, mikono mapajani. Akajiuliza: ikiwa mimi nilimwamini Ngowa, watu wa Sabaki, wanaochota penye mamba, wana deni gani nami?

Mkono wake haukupanda.

Walirudi Marafa pamoja, yeye na Pola. Walipokaribia nyumbani Pola akasimama njiani.

"Wifi, mama akifa, watu wakija kulala, utawaambia nini?"

"Nitashona makuti, nitanunua unga."

"Makuti yako hayalishi hanga zima, nawe wajua."

"Najua."

"Na hukuinua mkono."

"Sikuinua."

Pola alimtazama sana, kisha akaingia ndani kwa mgonjwa, Kahaso nyuma yake.

Nawe uliyeketi nasi ukumbini, ukayasikia ya Sumeiya na ya Bi Nyokabi, ukamwona na Ngowa kiti cha nyuma: mkono wako ungekuwa wapi?